Nianzie wapi kuandika draiva huria ya kadi ya Wi-Fi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mwalimu, habari za kazi. Nina kadi ya Wi-Fi ya USB ambayo mtengenezaji wake aliwahi kutoa msimbo wa draiva ya Linux, kisha akanyamaza. Kila nikisasisha kerneli, draiva inagoma kukompailiwa, nakaa bila mtandao hadi nipate kiraka cha mtu. C naifahamu vya kutosha ila kerneli sijawahi kuigusa. Je, naweza kuandika draiva huria mwenyewe? Nianzie wapi? Na kuichungulia draiva ya mtengenezaji ili nijue chipu inavyofanya kazi, ni halali?"

Nzuri, ndugu yangu. Unaweza, na wapo wengi walioanza na hichohicho ulicho nacho: C ya kutosha na kadi isiyosikia. Ila swali lako limeshakata shauri ambalo bado ni bichi, yaani kwamba kadi yako inahitaji draiva mpya. Mara nyingi haihitaji. Kadi nyingi zinazosemwa hazina draiva, draiva yake (programu inayoiendesha kadi) imo tayari ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa kuitambulisha kadi, au faili la famuwea (programu inayoendeshwa ndani ya chipu yenyewe), au viraka vichache, yaani mabadiliko madogo ya msimbo, vya kuifundisha draiva iliyopo chipu ambayo ni ndugu wa zile inazozijua. Kuandika draiva nzima kutoka ukurasa mtupu ni njia ya mwisho.

Kwa hiyo tuanze na kuitambua chipu. Jina lililoandikwa kwenye boksi lisahau kabisa. Kampuni inayouza kadi kwa kawaida siyo iliyotengeneza chipu, na kadi mbili zenye jina lilelile, zikitofautiana toleo tu, zinaweza kuwa na chipu za kampuni mbili tofauti. Chomeka kadi, endesha amri ya `lsusb` inayoorodhesha vifaa vya USB, utazame zile namba mbili za tarakimu nne: ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya bidhaa. Ukiona 0bda, hiyo ni Realtek. 0e8d ni MediaTek. 148f ni Ralink, ambayo baadaye ilinunuliwa na MediaTek. 0cf3 ni Atheros. Ukiona 2357 au 2001 umeangukia kwa wauzaji, TP-Link na D-Link, na hapo itabidi uitafute bidhaa yenyewe ndani ya faili za draiva za kerneli, au ufungue ganda usome maandishi yaliyo juu ya chipu.

Kuna mtego hapa unaowapotezea watu siku nzima. Baadhi ya kadi, zikichomekwa, hujitokeza kwanza kama diski yenye draiva ya Windows ndani yake. Ukiona 0bda:1a2b, bado hujaiona kadi yako, umeiona hiyo diski. Programu ya `usb_modeswitch` ndiyo inayoiamuru ijigeuze kuwa kadi ya mtandao, kisha namba zake halisi zinaonekana. Mtu asiyelijua hili anaweza kuanza kuandika draiva ya kifaa ambacho hata hakijajitokeza.

Ukishaijua chipu, itafute familia yake. Za Realtek za USB zimegawanyika: za zamani ziko kwenye `rtl8xxxu`, zilizofuata kwenye `rtw88`, za Wi-Fi 6 na kuendelea kwenye `rtw89`. Nyingi za MediaTek ziko `mt76`. Nyingi za Atheros za USB ziko `ath9k_htc`. Ikiwa chipu yako imo kwenye familia ila namba za bidhaa yako hazimo, unaweza kujaribu bila kukompaili kitu, kwa kuandika namba hizo kwenye faili la `new_id` la draiva husika, chini ya `/sys/bus/usb/drivers`. Uwe mwangalifu lakini: draiva kama `rtl8xxxu` hutumia jedwali la namba kujua pia ni aina gani ya chipu inayoshughulika nayo. Ukiandika namba mbili tupu, taarifa hiyo inakuwa haipo, na draiva itaanguka. Andika thamani tano: namba mbili za kadi yako, aina ya kiolesura, kisha namba mbili za kadi nyingine yenye chipu ileile ambayo tayari imo kwenye jedwali. Kerneli itanakili taarifa za hiyo ya pili na kuipa yako. Ikifanya kazi, umebakiwa na kiraka cha mstari mmoja cha kuwatumia watunzaji wa draiva hiyo, na hicho kitakuwa mchango wako wa kwanza kwenye kerneli. Usikidharau. Kila mwenye kadi kama yako atakayesasisha mfumo wake baada ya hapo ataikuta inafanya kazi tu.

Turudi kwenye tatizo lako la draiva kugoma. Kerneli ya Linux haiahidi kwamba sehemu zake za ndani zitabaki zilivyo. Kinacholindwa ni upande unaotumiwa na programu za kawaida. Ndani, mtu akipata njia bora ya kufanya jambo, anaibadilisha na kuwarekebishia wote wanaoitumia. Toleo la 4.15, la Januari 2018, liliondoa `setup_timer`, nafasi yake ikashikwa na `timer_setup` yenye vigezo tofauti. Draiva zote zilizokuwa ndani ya kerneli zilirekebishwa na haohao walioleta badiliko, na wenye kadi hawakujua kama kuna kilichotokea. Zilizokuwa nje zilivunjika. Hilo ndilo linalokupata kila unaposasisha, na litaendelea kukupata hata draiva ikiwa yako mwenyewe, kama utaiacha nje. Ndiyo maana nasema lengo liwe kuiingiza kadi ndani ya kerneli tangu siku ya kwanza. Draiva inayokaa kwenye diski yako peke yake itakufanya wewe kuwa yule mtengenezaji aliyenyamaza.

Msimbo wa mtengenezaji una shida nyingine, ambayo utaiona ukiufungua. Ni mkubwa mno. Mara nyingi umebeba ndani yake utekelezaji mzima wa 802.11 (viwango vya Wi-Fi): kutafuta mitandao, kujiunga, usimbaji, kuchagua kasi, vyote vimeandikwa upya, kwa sababu msimbo huohuo ulikusudiwa kutumika kwenye mifumo kadhaa ya uendeshaji. Kisa cha `rtl8xxxu` kinafundisha sana. Jes Sorensen alikuwa akisafisha draiva ya mtengenezaji ya RTL8723AU iliyowekwa kwenye `staging`, ile sehemu ya kerneli inayopokea msimbo ambao bado haujafikia kiwango. Hatimaye aliandika draiva mpya ndogo badala yake, ikaingia kwenye kerneli 4.4. Kichwa cha faili yake kinasema wazi kwamba sehemu fulani, hasa za kusawazisha redio, ni msimbo wa Realtek, na kwamba kwa kuwa chipu za 8xxx zinafanana sana kwa namna ya kuziendesha, ameanza kuongeza nyingine. Soma hayo mara mbili, kwa maana yanakuonyesha ramani ya kazi yako: muundo uandike upya, maarifa ya redio yachukue kwa aliyetengeneza redio.

Sasa, draiva yenyewe inafanya nini? Ni mkalimani. Juu yake kuna `mac80211`, sehemu ya kerneli inayoijua 802.11 kwa mapana yake. Chini kuna chipu inayojua rejista zake tu, yaani visanduku vya kumbukumbu vinavyoidhibiti. Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya `mac80211` kuingia kwenye kerneli 2.6.22 mwezi Julai 2007, ikiwa imetokana na msimbo uliotolewa na kampuni ya Devicescape, draiva nyingi zilijitegemea kila moja kwa namna yake, na wengi waliishi kwa `ndiswrapper`, iliyopakia draiva za Windows ndani ya Linux. Leo wewe huandiki tena namna ya kujiunga na mtandao. Unajaza jedwali linaloitwa `ieee80211_ops`: washa chipu, izime, ongeza kiolesura, kiondoe, badilisha chaneli, chuja fremu (vifurushi vya data vinavyorushwa hewani), tuma. Fremu zikiingia unazikabidhi kwa `mac80211`, na zilizotumwa unaripoti kama zilifika. Hiyo ni kwa chipu za SoftMAC. Za FullMAC, kama nyingi zinazoendeshwa na `brcmfmac`, zina famuwea inayofanya yenyewe sehemu kubwa ya kazi hiyo, na draiva yake huongea na `cfg80211` moja kwa moja, ambayo ni tabaka lililo juu ya `mac80211`. Kadi za USB za bei ya chini kwa kawaida ni SoftMAC, nami naona ni bahati kwa mwanafunzi, maana unaiona kazi yote.

Lakini usidhani kila kitu kinafanywa na draiva. Kuna jambo moja litakalokueleza mpaka uko wapi. Kadi ikipokea fremu iliyoelekezwa kwake, lazima ikiri kuipokea baada ya muda mfupi uitwao SIFS: mikrosekunde 10 kwenye masafa ya 2.4 GHz, na 16 kwenye 5 GHz. Hakuna draiva inayoweza kupokea fremu kupitia USB, ikaitafakari, na kurudisha jibu ndani ya mikrosekunde 10. Kwa hiyo kukiri, kusubiri kukiriwa, na kurudia kutuma ni kazi ya chipu na famuwea yake. Wewe unaipa chipu anwani ya MAC ijue fremu zipi ni zake, na unaiambia irudie mara ngapi kabla ya kukata tamaa. Wanaoanza huhangaika kutafuta sehemu ya msimbo inayotuma majibu hayo, na hawaipati kwa sababu haipo. Na ukisahau kuandika anwani ya MAC kwenye rejista zake, utaona ajabu hii: kadi inasikia kila kitu, ila ruta inarudia kuipelekea kadi fremu ileile mara kadhaa kisha inaacha. Chipu haijui kwamba inaitwa yeye.

Kabla ya kugusa kadi yako, jifunze `mac80211` bila redio. Kerneli ina moduli ya `mac80211_hwsim` inayotengeneza kadi za kubuni. Ipakie na `radios=2`, endesha `hostapd` (inayoigeuza kadi kuwa ruta) juu ya moja na `wpa_supplicant` (inayoiunganisha kadi na mtandao) juu ya nyingine, uzitazame zikiungana. Kisha fungua msimbo wake, weka ujumbe wa `printk` kwenye kila kipengele cha `ieee80211_ops`, urudie. Utaona kwa macho yako kipi kinaitwa lini, na kwa mpangilio gani. Baada ya hapo soma draiva ya `rtl8187`. Ni ya zamani, ni ndogo, ni ya USB, na haihitaji famuwea, hivyo unaweza kuimaliza yote. Mimi humshauri mtu aisome hiyo kabla ya `mt76`. Hii ya pili ni kazi nzuri sana, ila imejengwa kwa ajili ya chipu nyingi kwa pamoja, na mgeni hupotelea kwenye matabaka yake.

Na ikiwa chipu yako haina nyaraka? Kadi ya USB ina neema moja: kila kinachopita kati yake na kompyuta kinaonekana. Pakia moduli ya `usbmon`, inayonasa mazungumzo ya USB, fungua programu ya Wireshark ya kuyatazama, iendeshe ile draiva ya mtengenezaji kwenye kerneli ya zamani inayoikubali, na urekodi. Kwenye kadi ya Realtek ya familia ya 8xxx, mwanzoni kabisa utakuta ombi kama hili:

`s c0 05 00f0 0000 0004 4 <`

Tulisome. `c0` ni kusoma kwa ombi maalumu la mtengenezaji. `05` ni namba ya ombi hilo. `00f0` ni anwani ya rejista, na `0004` ni idadi ya baiti zinazotakiwa. Yaani draiva inaiuliza chipu: rejista ya 0x00f0 ina nini? Humo ndimo toleo la chipu linamosomwa, ndiyo maana swali hilo hutangulia. Ombi linaloanza na `40` badala ya `c0` ni la kuandika. Ukilijua hilo tu, rekodi ndefu yenye maelfu ya mistari inageuka kuwa orodha ya kusoma na kuandika rejista, na mpangilio wake unaanza kujionyesha: umeme unawashwa, famuwea inapakiwa kipande kwa kipande, majedwali ya redio yanamiminwa mfululizo, kisha chaneli. Rekodi kuwasha kadi mara mbili, ulinganishe. Vinavyobaki vilevile ni majedwali. Vinavyobadilika ni vipimo, na hivyo huwezi kuvinakili, lazima uelewe vimepatikanaje. Kisha rekodi kubadilisha chaneli kutoka 1 kwenda 6 bila kufanya jambo lingine lolote. Badiliko moja kwa kila rekodi, ndiyo siri ya kazi hii.

Mpangilio wa kuandika nao una uzito. Anza kwa kusoma anwani ya MAC iliyochomwa kiwandani ndani ya chipu. Ukiipata, na ikalingana na iliyo kwenye kibandiko cha kadi, unajua mawasiliano ya rejista yako sawa. Kisha pakia famuwea kwa `request_firmware`, usubiri chipu iseme iko tayari. Kisha pokea. Narudia, pokea kwanza. Ni kishawishi kikubwa kukimbilia kutuma, lakini kutuma kukishindwa hakusemi sababu, ilhali kupokea kunakuonyesha baiti zenyewe.

Weka kadi kwenye hali ya kusikiliza tu, chaneli moja, usubiri bikoni, zile fremu ambazo ruta hujitangaza nazo. Ruta nyingi zimewekwa kutangaza kila baada ya vizio 100 vya mikrosekunde 1024, sawa na milisekunde 102.4, kwa hiyo utegemee karibu bikoni kumi kwa sekunde kutoka kwa kila ruta iliyo karibu. Ukipata mbili au tatu, redio haijasawazishwa vizuri au kizuia kelele hakijawekwa sawa. Ukipata kumi lakini majina ya mitandao ni takataka, tatizo haliko hewani. Umekosea urefu wa maelezo ambayo chipu inayatanguliza kabla ya fremu, na kila kitu kimesogea baiti kadhaa. Ukivuka hapo ukaona bikoni ni safi ila fremu za data zimeharibika, angalia kichwa chake: fremu ya data ya kawaida ina kichwa cha baiti 24, yenye QoS (alama ya kipaumbele) ina 26, na baadhi ya chipu hujaza baiti 2 baada ya hiyo 26 ili data ianze kwenye kigawe cha 4. Baiti hizo mbili zimewatesa wengi. Uwe na kadi ya pili unayoiamini, isikilize chaneli hiyohiyo, ulinganishe fremu moja na mwenzake baiti kwa baiti.

Kutuma kukianza, tuma kwa kasi ya chini kabisa, 1 Mb/s kwenye 2.4 GHz, na ujiunge na mtandao usio na nywila ulioutengeneza mwenyewe kwa majaribio. Usimbaji usikutishe: `mac80211` inaweza kuufanya yenyewe kwa programu ikiwa draiva yako itakataa kupokea ufunguo, kwa hiyo WPA2 itafanya kazi hata kabla hujajua rejista moja ya usimbaji ya chipu. Itachosha kichakataji zaidi, na hilo kwa sasa halina neno. Usimbaji wa chipu, kuunganisha fremu nyingi kwa pamoja, na mwisho kabisa kuokoa umeme, vifuate moja moja. Kuokoa umeme nimekuweka mwisho kwa kusudi. Chipu iliyolala huzua hitilafu zinazofanana na hitilafu za kila kitu kingine, na ukiiruhusu ilale mapema hutajua unatibu ugonjwa upi.

Swali lako la uhalali nalichukulia kwa uzito, kwa sababu miradi mizuri imeumia hapo. Kwanza tazama leseni iliyo juu ya faili za mtengenezaji. Ikiwa ni GPL toleo la 2 (leseni huria inayotumiwa na Linux yenyewe), kama zilivyo nyingi za Realtek, huna la kuogopa: unaruhusiwa kusoma, kunakili na kubadilisha, mradi leseni na majina ya wenye hakimiliki yabaki. Ukiwa na msimbo wa namna hiyo hata `usbmon` hutaihitaji sana.

Ikiwa kilichopo ni faili lililokompailiwa tu, fuata njia ya walioandika draiva ya Broadcom. Kundi moja lilichambua draiva ya mtengenezaji likaandika maelezo kwa lugha ya kawaida: rejista hii ina kazi hii, hatua hizi zifuatane hivi. Kundi jingine, ambalo halikugusa draiva hiyo, likaandika msimbo kutokana na maelezo hayo peke yake. Hivyo ndivyo `bcm43xx` ilivyoingia kwenye kerneli 2.6.17 mwaka 2006, na baadaye `b43`. Famuwea hawakuruhusiwa kuigawa, wakatengeneza chombo, `b43-fwcutter`, cha kumwezesha mtumiaji kuikata kutoka kwenye draiva aliyo nayo. Mwaka 2010 Broadcom yenyewe ilitoa draiva huria kwa baadhi ya chipu zake, `brcm80211`. Kwa Atheros njia ilikuwa na mabishano zaidi: draiva ya MadWifi ilitegemea kipande kilichofungwa, OpenBSD wakaandika mbadala ulio wazi, na watu wakahoji kama haukunakiliwa. Mwaka 2007 wanasheria wa Software Freedom Law Center waliuchunguza wakaona hauvunji hakimiliki, na `ath5k` ikajengwa juu yake. Mwaka huohuo, upande wa pili, OpenBSD waliiondoa draiva yao ya Broadcom iliyokuwa bado inaandikwa, baada ya kubainika ina msimbo uliochukuliwa kutoka kwenye ile ya Linux yenye GPL. Kwa hiyo usidhani kwamba msimbo ukiwa huria unachukuliwa vyovyote. Leseni huria nazo ni leseni.

Sheria zenyewe hutofautiana. Umoja wa Ulaya, kwa Maelekezo 2009/24/EC kifungu cha 6, unaruhusu kuichambua programu iliyokompailiwa pale inapolazimu ili programu nyingine iweze kufanya kazi nayo, kwa masharti. Marekani nayo ina msamaha unaokaribiana na huo. Isome sheria ya mahali ulipo kabla hujaanza, na uweke daftari la tarehe na chanzo cha kila unachokijua kuhusu chipu: hiki nimekiona kwenye rekodi ya USB, hiki kimetoka faili fulani lenye GPL. Mtu akikuuliza kesho ulijuaje rejista fulani, uwe na jibu.

Jambo la redio sitalipita kimyakimya. Chipu ya Wi-Fi ni kisambaza redio, na nguvu zake zina mipaka ya kisheria. Vipimo vya kusawazisha nguvu hiyo hupimwa kiwandani kadi kwa kadi, vikahifadhiwa ndani yake. Visome na uvitumie. Usiweke namba kubwa ulizozibahatisha ili mawimbi yaende mbali. Utaharibu masafa ya wengine, na mara nyingi hata kasi yako itashuka, kwa sababu kikuzaji kinachosukumwa kupita kiasi kinachafua mawimbi yake. Mipaka ya chaneli na nguvu kwa kila nchi inatunzwa na `wireless-regdb`, na tangu 4.15 kerneli inaweza kusoma faili lake, `regulatory.db`, moja kwa moja na kuhakiki saini yake. Kazi ya draiva ni kutii. Hofu ya mipaka hii kuvunjwa ndiyo sababu ambayo watengenezaji walikuwa wakiitoa kwa kuficha msimbo. Intel, kwa `ipw3945`, waliiambatanisha draiva yao na programu iliyofungwa ya kusimamia redio, kisha `iwlwifi` ikaja bila programu hiyo, usimamizi ukiwa ndani ya famuwea. Kila draiva huria inayoheshimu mipaka huipunguzia nguvu hoja hiyo.

Kabla ya kutuma kazi yako, itese. Endesha `iperf3`, inayosukuma data mfululizo, usiku kucha. Chomoa kadi katikati ya mwendo, urudie na urudie. Draiva za USB hufia hapo zaidi ya kwingine kokote, kwa kuwa ombi lililo njiani hurudi wakati kumbukumbu yake imeshaachiliwa. Kompaili kerneli yenye KASAN na lockdep, zana za kunasa makosa ya kumbukumbu na ya kufuli, zitakuonyesha kosa siku linapotokea na si miezi mitatu baadaye. Laza kompyuta na uiamshe.

Kisha gawa kazi katika viraka vidogo, kila kimoja jambo moja, kila kimoja kikompailike peke yake. Pitisha `checkpatch.pl`, tumia `get_maintainer.pl` kujua wa kuwatumia, na weka `Signed-off-by` yenye jina lako. Ni tamko kwamba una haki ya kukitoa kilichomo, ndiyo maana nilikwambia uweke daftari. Famuwea nayo iombewe ruhusa ya kugawiwa na iingie kwenye `linux-firmware`, la sivyo watu watakuwa na draiva isiyo na cha kupakia. Mtunzaji atakurudishia kazi na maswali, pengine zaidi ya mara moja. Jibu kila swali, rekebisha, tuma tena toleo lenye namba mpya na maelezo ya kilichobadilika. Ukimya wa wiki mbili haumaanishi kukataliwa, kumbusha kwa upole.

Inaniuma kuona kadi ambayo redio yake ni nzima ikitupwa kwa sababu tu hakuna anayeitunza draiva yake. Kwa hiyo leo hii fanya mambo mawili tu. Chomeka kadi, nakili mstari wake kutoka `lsusb` pamoja na ujumbe wa `dmesg` unaotokea wakati huo. Kisha fungua folda ya `drivers/net/wireless` ya kerneli mpya kabisa, utafute namba ya bidhaa yako kwa `grep`, na usipoipata, utafute jina la chipu. Niandikie ulichokiona, pamoja na leseni iliyo juu ya msimbo wa mtengenezaji, nitakwambia ni draiva ipi uifungue kwanza.